Mapera Yaliyochumwa Alhamisi

Kufikia mwezi wa kumi wa mwaka 2006 jua lilikuwa limewaka Nairobi wiki sita mfululizo bila tone la mvua, na miche ya Wanjugu ikaanza kubadilika rangi.

Wanjugu alikuwa na miaka hamsini na minne. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameuza miche kando ya barabara ya Ngong, karibu na uwanja wa maonyesho wa Jamhuri: miembe, miavokado, mipera, na maua ya watu wenye nyumba kubwa. Wateja walimwita Mama Waweru, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na walikuwa na msemo wao kwamba mche wa Mama Waweru haufi. Yeye hakuusema msemo huo, lakini akiusikia alifurahi moyoni.

Sasa majani ya miembe yake midogo yalikuwa yaking'aa upande wa chini kana kwamba mtu ameyapaka rangi ya fedha. Baada ya siku chache yalipata madoa ya hudhurungi, yakajikunja, yakaanguka. Alivaa miwani akalichungulia jani moja. Kando ya mshipa wa katikati aliona vitone vyeusi kama masizi, na katikati ya vitone hivyo vidudu vidogo vya manjano, vyembamba kuliko uzi, kila kimoja kimefungwa mkanda mwekundu kiunoni. Vilitembea vimeinua mikia juu, na kwenye ncha ya kila mkia kulikuwa na tone la maji meusi.

Alimwita Muthama, jirani yake wa biashara aliyeuza vyungu vya maua. Muthama alikuwa amewahi kufanya kazi kwenye shamba la waridi.

"Hao ni vithiripi," Muthama alisema baada ya kutazama. "Wanafyonza jani mpaka libaki ganda. Vikonyo unavyopandikiza kwenye miche huwa unavitoa wapi?"

"Kwangu nyumbani. Kwa ule mwembe wangu mkubwa."

"Basi wamejaa huko. Huku wamekuja na vikonyo."

Jioni hiyo Wanjugu alipofika nyumbani kwake Jamhuri Estate, hakupita hata mlangoni. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Mwembe ulikuwa umejaa vithiripi. Mpera uliokuwa kando yake, ule uliozaa kupita miti yote ya mtaa, nao ulikuwa nao. Mapera mengine yalikuwa na makovu ya kahawia kwenye ngozi, kama kidonda kilichopona vibaya.

Alisimama pale akihesabu kichwani watu wote aliowauzia miche tangu mwezi wa saba. Shule moja ya mji wa Kikuyu ilikuwa imeagiza miembe mia nne, na mwalimu wao wa kilimo angekuja kuikagua mwisho wa mwezi. Usiku huo hakupata usingizi wa maana.

Jumanne Muthama alimletea chupa ya dawa aliyoinunua katika duka moja la mjini. Kwenye karatasi yake kulikuwa na fuvu la kichwa, maelezo ya kuchanganya kifuniko kimoja kwa ndoo moja, na onyo kwamba mazao yasivunwe mpaka siku ishirini na moja zipite. Wanjugu alisoma yote. Kisha, kwa sababu alikuwa na hofu na alitaka jambo hilo liishe, alitia vifuniko vinne.

Alikuwa peke yake nyumbani. Mumewe, Kinyanjui, alikuwa amekwenda Murang'a kwenye mazishi ya binamu yake. Wanjugu alijifunga leso puani, akabeba pampu mgongoni, akapulizia mwembe mpaka majani yakachuruzika. Akageukia mpera, akaupulizia vivyo hivyo, majani na matunda.

Mapera yale yalikuwa na mnunuzi wake. Nanjala, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyeuza matunda Dagoretti Corner, alikuja kila Jumamosi na katoni yake, akapanda mwenyewe, akachuma. Wanjugu alijua kwamba lazima amwambie asije kwa wiki tatu. Alijua pia kwamba wiki tatu bila mapera zingemuumiza Nanjala, ambaye alilea watoto wawili peke yake. Hakupenda kumpa habari hiyo. Akajiambia kwamba Jumamosi iko mbali, atampigia simu Ijumaa.

*

Alhamisi saa saba mchana Wanjugu alirudi nyumbani kuchukua mifuko ya kupandia. Kinyanjui alikuwa amekaa uani akisoma gazeti. Alikuwa amerudi usiku uliotangulia akiwa amechoka, akalala.

"Nanjala alikuja asubuhi," Kinyanjui alisema bila kuinua macho. "Kuna Wahindi wa Parklands wanafunga, wanakula matunda tu, wakataka mapera mengi leo. Nimemshikia ngazi."

Wanjugu aliutazama mpera. Matawi ya chini hayakuwa na hata pera moja.

"Amechuma mangapi?"

"Katoni mbili. Amefurahi sana." Ndipo Kinyanjui alipoinua macho, akamwona mkewe ameshika ukuta. "Kuna nini?"

Alimwambia. Alimwambia na habari ya vifuniko vinne, ingawa sauti yake ilififia alipofika hapo. Kinyanjui alilikunja gazeti polepole.

"Lakini watu huosha matunda," alisema.

"Hii haioshiki. Inaingia ndani."

"Mama Waweru, hebu tulia kwanza. Ukienda huko ukasema umewapa watu sumu, unajua watakupeleka wapi? Pengine hakuna atakayedhurika. Pengine kesho tutakuwa tumejiharibia jina bure."

Wanjugu alikuwa ameshatoa simu. Alipiga namba ya Nanjala. Sauti ya yule dada wa kwenye mtambo ikamwambia kwamba mteja wa nambari aliyopiga hapatikani kwa sasa. Akapiga tena, ikawa vilevile. Mara ya tatu akabonyeza namba isiyo yake.

"Washa gari," alimwambia mumewe.

"Na kama..."

"Baba Waweru, washa gari."

Kinyanjui aliingia ndani kutafuta funguo. Walikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea miche. Wanjugu alikimbilia stoo, akaichukua ile chupa, akaifunga ndani ya mifuko miwili ya nailoni na kuiweka mapajani.

*

Nanjala walimkuta kwenye kibanda chake Dagoretti Corner, amekaa juu ya kreti chini ya mwavuli. Mbele yake, kati ya ndizi na machungwa, kulikuwa na kilima kidogo cha mapera. Alipowaona alitabasamu.

"Mama Waweru. Leo mmenifuata hata kazini?"

"Simu yako iko wapi?"

"Inachajiwa pale kwa kinyozi. Kwani?"

Wanjugu alikuwa ameanza kuyakusanya mapera yale kwa mikono miwili na kuyatupa ndani ya gunia. Nanjala akasimama.

"Nilipulizia ule mti juzi," Wanjugu alisema. "Dawa kali. Sikukwambia. Nilikuwa nikwambie kesho."

Nanjala aliuweka mkono tumboni.

"Umekula?"

"Matatu. Nikirudi kutoka Parklands sikuwa na nafasi ya chakula cha mchana." Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayejiuliza, "Nilifikiri ni jua. Kichwa kinanigonga tangu saa ile."

Wanjugu alimtazama vizuri. Uso wa Nanjala uling'aa kwa jasho, na mate yalimjaa mdomoni hata ikabidi ayateme pembeni kila baada ya maneno machache.

"Watoto wako?"

"Wako shule. Hawajayaona."

"Asante Mungu. Na Parklands uliyapeleka kwa nani?"

"Kwa mama Kanta. Katoni moja na nusu. Leo jioni wanawake wa kwao wanakutana nyumbani kwake."

Kinyanjui, aliyekuwa bado ameketi kwenye usukani, alishuka akamfungulia Nanjala mlango. Hakusema tena habari ya kuosha. "Hospitali ziko hukohuko Parklands," alisema. "Tufanye yote mawili kwa safari moja."

Mwanamke wa kibanda cha jirani alikubali kuangalia matunda mengine. Watatu wakabanana mbele ya ile pikapu, Nanjala katikati.

Barabara ya Ngong ilikwenda vizuri mpaka walipokaribia mjini. Kwenye Uhuru Highway magari yalikuwa yamesimama pua kwa mkia. Polisi alikuwa akiyaita kwa mkono magari ya upande wa pili kana kwamba amesahau kuna upande huu. Wanjugu alitazama saa ya gari, ambayo haikufanya kazi, kisha akatazama simu yake. Saa tisa kasoro kumi.

"Wanakula saa ngapi?" aliuliza.

"Sijui," Nanjala alisema. "Jioni. Sijui." Alijikunja. "Mama Waweru, naona ukungu. Yale magari ya mbele siyaoni sawa."

Wanjugu alimpitishia mkono mabegani. Alihisi mwili wa yule mwanamke ukitetemeka, mitetemo midogo chini ya ngozi, kama nyama yenyewe inaruka. Hakuwahi kuona kitu kama hicho. Nanjala alimwegemea ili afikie dirisha, akatapika nje, na dereva wa gari la jirani akapandisha kioo chake.

"Kinyanjui," Wanjugu alisema. Hakuwa amemwita mumewe kwa jina tangu walipokuwa wachumba.

Kinyanjui aliwasha taa zote, akaweka mkono kwenye honi asiutoe, akapandisha magurudumu ya kushoto juu ya ukingo wa barabara. Watu wa miguu wakaruka. Polisi aligeuka akiwa na hasira, akaja mbio mpaka dirishani, akamwona Nanjala. Alisimamisha upande ule mwingine, akawapungia wapite.

*

Hospitali walifika kwanza kwa kuwa ilikuwa njiani. Wauguzi wawili walimlaza Nanjala kwenye kitanda cha magurudumu. Daktari kijana alimfungua macho na kuyamulika, akauliza amekula nini. Wanjugu aliitoa ile chupa. Daktari alinakili jina la dawa mkononi mwake mwenyewe kwa kalamu, akamrudishia.

"Kuna wengine?" aliuliza.

"Sijui bado," Wanjugu alisema. "Ndiyo nakwenda kuona."

Alimwacha Kinyanjui na Nanjala, akatoka kwa miguu, kwani nyumba ya mama Kanta ilikuwa mtaa wa pili na Nanjala alikuwa amemweleza geti lake, jeusi, lenye mti wa mwarobaini ubavuni. Hatua za kwanza alitembea, kisha akakimbia. Viatu vyake vya plastiki vilimchubua kisigino. Alipokuwa akikimbia alijaribu kupanga maneno, na kila alipofika kwenye neno sumu yote yakasambaratika, akaanza upya.

Geti lilikuwa wazi. Ndani, kwenye baraza, wanawake kama ishirini walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki na mikeka, wazee kwa vijana, wamevaa sari za rangi rangi. Katikati kulikuwa na meza. Juu ya meza kulikuwa na sinia tatu za mapera yaliyokatwa vipande, yamenyunyiziwa chumvi na pilipili.

Wanjugu alitazama mikono yao, mmoja baada ya mwingine. Halafu akatazama midomo yao.

"Naomba msile," alisema. Sauti ilitoka ndogo, na waliomsikia walikuwa wachache. Akarudia kwa nguvu. "Naomba mtu asile hayo mapera. Mti ni wangu. Niliupulizia sumu."

Mwanamke mzee mwenye mvi na miwani minene alinyanyuka kutoka kiti chake taratibu.

"Wewe ni nani?"

"Naitwa Wanjugu. Nanjala huchuma kwangu. Yeye hakujua. Amekula matatu, sasa yuko hospitali hapo juu."

Yule mzee, aliyekuwa ndiye Kanta, aligeukia wenzake akasema kitu kwa Kigujarati. Wote wakaanza kusema kwa pamoja. Mmoja alisimama, mwingine akaanza kupangusa vidole vyake kwenye ukingo wa sari. Kanta aliinua mkono wakanyamaza.

"Tulikuwa tunangoja sala," alimwambia Wanjugu. "Hakuna aliyekula."

Msichana mmoja mdogo alivuta nguo ya mama yake, akanong'ona. Mama yake akafumba macho.

"Amelamba chumvi," alisema. "Kwenye kipande kimoja. Jikoni, tulipokuwa tukikata."

Mkwe wa Kanta, aliyeitwa Bhavna, alikuwa mfamasia. Aliipokea chupa, akasoma, akauliza kifuniko kimoja au viwili. Wanjugu akamwambia vinne. Bhavna hakumtazama usoni. Alimbeba yule mtoto, akamwosha mikono na mdomo kwa sabuni, akatoka naye mbio kuelekea hospitalini, mama mtu akimfuata bila viatu.

Wanjugu alibaki amesimama katikati ya baraza. Hakuna aliyemwambia akae. Kanta alichukua sinia moja moja, akamwaga vipande ndani ya mfuko wa taka, akaufunga fundo mara tatu. Alipomaliza alikuja akasimama mbele yake. Alikuwa mfupi kuliko Wanjugu, na ilimbidi ainue kidevu.

"Umekuja mwenyewe," alisema. "Hilo sitalisahau. Na hili lingine pia sitalisahau. Sasa nenda kwa Nanjala."

*

Yule mtoto hakupata kitu. Walimweka chini ya uangalizi mpaka usiku wakamruhusu.

Nanjala alilazwa siku nne. Siku ya kwanza walimchoma sindano baada ya sindano, na Wanjugu alikaa kwenye benchi la ukumbini akisikiliza kila mlango uliofunguliwa. Ijumaa alfajiri muuguzi alimwambia kwamba kifua kimefunguka. Saa nne alimruhusu aingie.

Nanjala alikuwa amelala na mrija mkononi, midomo imekauka.

"Watoto wako kwangu," Wanjugu alimwambia. "Kinyanjui amewapeleka shule."

Nanjala aliitikia kwa kichwa. Halafu akasema, "Niliuza mengine."

"Mengine yapi?"

"Pale kibandani, kabla hamjafika. Nimekuwa nikikumbuka usiku kucha. Makanika mmoja wa pale karakana, mawili. Mama mwenye mtoto mgongoni, matatu. Na msichana wa shule, sweta ya kijani, moja. Wa shule simjui kabisa."

Tangu jana Wanjugu alikuwa amejiruhusu kufikiri kwamba jambo limeishia pale barazani kwa Kanta.

Mchana huo alikaa kwenye kibanda cha Nanjala. Miche yake mwenyewe alimwachia Muthama. Haikuwa vigumu kumpata makanika. Alikuwa chini ya gari, na alipotoka alisema aliyala yote mawili, akaharisha usiku kucha, akafikiri ni chakula cha hoteli. Sasa alikuwa mzima. Wanjugu alimwomba msamaha pale pale, mbele ya wenzake wenye mafuta mikononi. Makanika alipangusa mikono kwa kitambaa, akarudi chini ya gari.

Yule mama alipita Jumapili baada ya kanisa, mtoto mgongoni. Wanjugu alimtambua kwa maelezo ya Nanjala, shuka ya zambarau na jino la dhahabu. Alitoka mbio nyuma ya meza.

"Mapera uliyonunua Alhamisi, uliyafanya nini?"

"Yalikuwa na makovu," yule mama alisema akirudi nyuma. "Nilimpa mbuzi wa jirani. Kwa nini unanishika hivyo?"

Wanjugu hakujua kwamba amemshika. Alimwachia, akamweleza. Mbuzi, yule mama alisema, alikuwa amekufa Ijumaa, na jirani alidhani amekula nailoni.

Wanjugu alimlipa jirani mbuzi wake. Kinyanjui aliukata mpera, yeye mwenyewe, bila kuulizwa. Miche mia nne ya miembe waliing'oa, wakaichoma. Wanjugu alikwenda hadi Kikuyu kumwambia mwalimu wa kilimo kwamba hana miembe na kwa nini. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. Alimwambia kwamba ingetosha miche michanga kukatwa majani yaliyoshikwa na vithiripi, kupigwa maji kwa nguvu upande wa chini, na kutenganishwa. Wanjugu aliyaandika hayo kwenye daftari.

Msichana wa sweta ya kijani hakupatikana. Shule tatu za karibu zilikuwa na sweta za kijani. Wanjugu aliingia ofisi zote tatu, na kote aliambiwa hakuna mwanafunzi aliyeugua. Hilo lilimpa nafuu kwa saa kadhaa, kisha akakumbuka kwamba msichana angeweza kuwa mgeni, au wa shule ya mbali, au pera alimpelekea mdogo wake nyumbani. Asubuhi alisikiliza habari kwenye redio amesimama, sufuria mkononi.

Jumatano Nanjala alirudi kibandani, amekonda, anatembea polepole. Alimkuta Wanjugu amepanga ndizi na machungwa vizuri kuliko alivyowahi kupanga yeye.

"Nipishe kreti yangu," alisema.

Wanjugu alisimama. Nanjala akaketi, akavuta pumzi.

"Sitachuma kwako tena, Mama Waweru. Hata kitu kingine. Nimefikiri sana juu ya hilo."

"Najua."

"Sikuchukii. Lakini ulijua tangu Jumanne, na simu ulikuwa nayo."

"Ndiyo," Wanjugu alisema. "Nilikuwa nayo."

Makondakta wa magari ya Kawangware walikuwa wakiita abiria. Wateja wawili walikuja wakanunua machungwa. Nanjala aliwahudumia, kisha akamgeukia Wanjugu, ambaye bado alikuwa amesimama pembeni ya mwavuli.

"Nenda nyumbani sasa. Kama yule msichana angekuwa amekufa, tungesikia."

"Pengine."

"Tungesikia."

Wanjugu aliitikia, lakini hakuondoka. Ilikuwa saa kumi kasoro robo, na watoto wa shule walianza kushuka barabarani kwa makundi, mabegi mgongoni. Alisogea mbele kidogo mpaka ukingoni mwa lami, mahali ambapo angeweza kuwaona nyuso, akaanza kutafuta sweta za kijani.